Bikoni Tisa za Mpui

Ujumbe uliingia saa tatu na nusu asubuhi.

"Harusi imehamishiwa ukumbi mwingine. Wahi kabla ya keki."

Justa aliusoma mara moja, akaufuta. Akakunja kitenge alichokuwa akimwonyesha mteja, akasema kimeshachukuliwa. Mteja akasonya na kuondoka.

Kwa wiki tatu watu wa Majengo, pale Sumbawanga mjini, walimjua kama mama wa vitenge kutoka Mbeya, mkavu wa maneno na mgumu wa kucheka. Hakuna aliyejua kwamba chini ya robota lake kulikuwa na bastola aina ya Glock 19, simu ya setilaiti ya Thuraya na droni ndogo ya DJI iliyokunjwa ndani ya kopo la maziwa. Hakuna aliyejua pia kwamba alizaliwa Mpui, mwendo wa saa moja tu kutoka pale, na kwamba kwa wiki zote hizo hakuwahi kwenda kumwamkia baba yake. Kazi ya ujasusi ina kanuni zake. Nyingine ni za kijinga, lakini ni kanuni.

Alifunga kibanda, akapiga simu.

"Sema," ilijibu sauti ya mwanamke. Alikuwa Mama Otilia, mkuu wake, akiwa Dodoma.

"Nimesoma. Nini kimehamishwa?"

"Bikoni tisa za reli, zile alama za wapimaji, pale Mpui. Zimesogezwa mita mia mbili kuelekea bondeni."

"Nani kazisogeza?"

"Mkono hatujaujua. Kichwa tunakijua. Krent."

Justa alimjua Krent kuliko alivyotaka. Alikuwa mgeni mrefu, mpole, mwenye Kiswahili safi, mshauri wa Transkorva, kampuni yenye malori mia nne kwenye njia ya Tunduma. Malori mia nne hayapendi kusikia habari za treni. Hiyo ndiyo sababu Justa aliuza vitenge wiki tatu mbele ya hoteli aliyofikia mgeni huyo.

"Saa nane mchana wakaguzi wa wafadhili wanachoronga ardhi palepale bikoni zilipo," Otilia aliendelea. "Wakikuta tope wanafunga mafaili. Safari hii hawarudi."

"Tuzirudishe zilipokuwa."

"Wapi? Vipimo kwenye kompyuta ya mradi navyo vimechezewa. Vipimo vya kweli vimebaki kwenye kadi ya mashine iliyopimia, na kadi anayo Krent. Ametoka hotelini saa mbili kwa mlango wa nyuma. Anakwenda mpakani, lakini anampitia mtu wake wa ndani, hukohuko Mpui."

"Nikimpata huyo mtu?"

"Mlete akiwa hai. Wakaguzi watataka maelezo yake kwa kinywa chake. Bila yeye, kadi ni kadi tu."

Simu ikakatika.

Dakika nne baadaye pikipiki nyekundu ya Honda XR ilikuwa ikikata upepo kwenye lami ya kwenda Tunduma, na mama wa vitenge hakuwepo tena.

Mwezi wa kumi Ufipa ni ukavu mtupu. Nyasi zimechomwa, mashamba yamelala yakingoja mvua, na upepo wa uwanda unampiga mtu kifuani kama anamdai jibu. Justa alipita njia hii akiwa mtoto, juu ya magunia ya mahindi, na kila safari baba yake alinyoosha kidole pembeni na kusema, "Hapa itapita reli."

Reli hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Wakoloni waliizungumza wakaiacha. Mpanda wakapata njia yao kwa sababu kulikuwa na madini ya risasi. Ufipa kulikuwa na ulezi, na ulezi haukumvutia mtu. Miaka ya sabini reli ya kwenda Zambia ikajengwa, ikapita Tunduma na kutokomea. Watu wa uwanda wakaisikia redioni. Kisha wakaja wapimaji, wakaondoka. Wakaja wengine, wakaondoka. Wafipa ni watu wa subira, lakini subira nayo huota mvi.

Sasa wapimaji walikuwa wamekuja tena, na safari hii walikuja na mitambo.

Saa nne na robo Justa alizima pikipiki nyuma ya kijiji. Alifuata ramani ya zamani iliyo kwenye simu yake, ya kukisia tu, isiyo na vipimo vya kuwaonyesha wakaguzi, hadi mahali ilipokuwa bikoni ya tano kabla haijahamishwa. Alipofika akasimama.

Palikuwa makaburini kwao.

Shimo la bikoni lilikuwa limefukiwa vizuri, udongo ukashindiliwa kwa miguu. Upande wa kushoto kulikuwa na kaburi la bibi yake. Upande wa kulia, hatua tatu tu, msalaba wa mbao ulioandikwa kwa rangi nyeupe: Dominika. Mama yake.

Ilikuwa mara ya kwanza kuliona kaburi hilo. Mama alipofariki, miaka sita iliyopita, Justa alikuwa nchi nyingine, kwa jina jingine, akimfuatilia mtu ambaye leo hata sura yake haikumbuki. Taarifa ilimfikia siku kumi na mbili baada ya mazishi.

Alijilazimisha kutazama kama jasusi. Makaburi mengine yote yalikuwa yamefunikwa na nyasi kavu za kiangazi. La mama yake peke yake lilikuwa safi. Limepaliliwa mpaka kwenye kingo, magugu yakakusanywa na kuwekwa pembeni, na udongo wake ulikuwa mbichi sawasawa na ule wa shimoni. Jembe lilikuwa moja na siku ilikuwa moja.

Kwao mtu hapiti kaburi la mzazi na jembe mkononi bila kulipalilia. Hata kama ana haraka. Hata kama amekuja kuiba.

Na Dominika alizaa watoto wawili tu.

Justa aligeuka kuelekea nyumbani kwa baba yake. Mdogo wake Eustaki alikuwa mpimaji msaidizi wa mradi. Alikuwa amelijua hilo tangu mwanzo, na alikuwa ameomba kwa siri, kila siku, kwamba lisihusike.

Mzee Adolfu alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda. Hakuinuka, miguu ilimgomea tangu mwaka jana.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee alimkagua kuanzia kichwani hadi viatuni. "Umekuja nyumbani au umekuja kazini?"

"Kazini, baba."

"Haya. Angalau umekuja."

"Eustaki yuko wapi?"

"Ameondoka na mzungu wake kwa gari jeupe. Nusu saa haijaisha. Wanapitia Mwazye, njia ya mpakani."

Justa alichuchumaa mbele yake. "Ulijua reli inapita kwenye kaburi la mama?"

"Mimi nisijue?" Mzee alicheka kidogo, bila furaha. "Mwaka wa sabini na nane nilikuwa na wapimaji, nikiwashikia mnyororo wa kupimia. Kigingi cha pale nilikipiga kwa mkono wangu. Wakati huo hapakuwa na kaburi hata moja. Tukangoja. Mwaka, miaka mitano, miaka ishirini. Watu wakasema haiji tena hiyo, na mahali penyewe pazuri, pameinuka, hapatuami maji. Tukaanza kuzika."

Upepo ulipuliza vumbi kati yao.

"Walipoleta fomu za kuhamisha makaburi nilitia dole gumba," alisema. "Wakanipeleka kwa bodaboda hadi kwa mama yenu. Nikamwambia, Dominika, nitakusogeza kidogo, treni inapita. Eustaki alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno. Siku mbili hakula chakula changu."

"Baba, amefanya kosa kubwa."

"Najua amefanya kitu. Mtoto akianza kukwepa macho yako huhitaji polisi kukwambia." Mzee alitoa mfukoni simu ndogo ya Tecno. "Chukua. Namba asiyoijua hapokei. Yangu atapokea." Kisha akamshika mkono. "Usimpige risasi, Justa."

"Sitampiga."

"Na yule mwingine asimpige."

Hilo hakuweza kuliahidi.

Barabara ya Mwazye ilikuwa ya vumbi na makorongo. Justa alisimama juu ya pedali, Honda ikiruka chini yake. Mbele, juu angani, droni ilitangulia. Picha ilikuja kwenye kioo cha simu iliyofungwa juu ya usukani.

Kilomita tano. Hakuna kitu.

Kilomita tisa. Ng'ombe.

Kilomita kumi na tatu. Wingu la vumbi, na mbele yake Toyota Prado nyeupe.

"Nimemwona," alisema kwenye kinasa sauti cha kofia.

"Mpaka uko mbali kiasi gani?" Otilia aliuliza.

"Kwa mwendo wake, dakika arobaini."

"Kwa mwendo wako?"

"Simfikii. Njia mbaya, na ameniacha mbali."

"Basi fikiria."

Alisimamisha pikipiki. Akatoa Tecno ya baba yake. Simu iliita mara nne.

"Baba?" ilisema sauti ya Eustaki.

Justa alimjibu kwa Kifipa. Krent alikijua Kiswahili, akajua na methali zake, lakini Kifipa hakuwahi kukihitaji.

"Ni mimi dada yako. Itikia kama unaongea na baba."

Eustaki alikohoa. Kisha, kwa Kifipa, taratibu: "Ndiyo, baba."

"Saa nane wanachoronga bondeni, Eustaki. Pale masika ng'ombe hutitia mpaka tumbo. Unapajua."

"Alisema watajaza mawe. Alisema ni kazi ya kawaida. Mita mia mbili tu, baba, reli inapita na mama anabaki."

"Kama ni kazi ya kawaida, kwa nini anakimbia na kadi?"

Gari lilisikika likigonga shimo.

"Hawajazi mawe. Watakuta tope na wataondoka moja kwa moja. Hiyo ndiyo kazi uliyomfanyia. Baba atakufa bila kuiona reli, na wewe ndiye utakuwa umeizuia."

Kwenye simu ilisikika injini, na mtu akipumua kwa shida. Sauti ya Krent ikauliza kwa Kiswahili, "Mzee anasemaje?"

"Anasema," Eustaki alijibu kwa Kiswahili, "nirudi nyumbani."

Akavuta breki ya mkono.

Justa aliona yote kwenye kioo. Prado iligeuka ubavu, ikaacha barabara, ikaingia shambani. Shamba lilikuwa la matuta ya kifipa, yale marefu ya duara yanayofukiwa majani tangu masika na kungoja mvua za kwanza. Gari liliruka la kwanza, likaruka la pili, la tatu likalipokea tumboni. Magurudumu yote manne yakabaki yanazunguka hewani.

Honda ilinguruma.

Alipofika, Krent alikuwa nje. Damu ilimtoka puani, na bastola yake ya Beretta ilikuwa imegusa sikio la Eustaki.

"Mama wa vitenge," Krent alisema. Alionekana kusikitika kweli. "Nilinunua viwili kwako. Weka silaha chini."

Justa alisimama hatua kumi na tano kutoka kwao. Aliitoa Glock kwa vidole viwili, akaanza kuinama taratibu ili kuiweka chini. Mkono wa kushoto ulikuwa kifuani, kwenye kidhibiti cha droni. Kidole gumba kikabonyeza.

Droni ilishuka kutoka mita sitini ikipiga kelele kama nyigu aliyechokozwa.

Krent akainua macho.

Nusu sekunde. Ilitosha.

Risasi ya Justa ilimpata begani. Beretta ikaruka, Krent akaangukia matutani, na Justa akawa juu yake kabla hajageuka. Alimfunga pingu, akamfunga na jeraha, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati. Kadi ilikuwa humo, ndogo kuliko ukucha wa dole gumba, imeviringishwa kwenye karatasi ya pipi.

Eustaki alikuwa ameketi chini, mikono kichwani. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na Justa alimwona kama alivyokuwa akiwa na saba.

"Ulijuaje ni mimi?" aliuliza.

"Mwizi gani anapalilia kaburi, Eustaki?"

"Nilikuwa na jembe mkononi, dada. Ningepitaje?"

Justa alitazama pembeni kwa sababu machozi yalimjia, na jasusi akilia shambani hakuna wa kumwonea haya isipokuwa yeye mwenyewe.

"Hukumzika," Eustaki alisema. Hakusema kwa hasira, na afadhali angekasirika. "Mimi nilishuka kaburini nikampokea. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilimpangia udongo kwa mikono ili usimpige usoni. Halafu wanaleta fomu wanasema atatolewa na vibarua."

"Nilikuwa kazini."

"Tunajua. Msiba mzima ulijua uko kazini."

Thuraya ikalia.

"Hali?" aliuliza Otilia.

"Krent ninaye. Kadi ninayo."

"Safi sana. Na mtu wa ndani?"

Justa alimtazama mdogo wake. Eustaki alikuwa akifuta damu kwenye nyusi kwa mkono wa shati, kama mtoto.

"Upo?" aliuliza Otilia.

"Nipo. Anaitwa Eustaki Adolfu."

Otilia alilijua faili la Justa ukurasa kwa ukurasa. "Huyo si ndugu yako?"

"Ndiye."

"Justa, naweza kuandika kwamba alitoroka. Wakaguzi wataikataa kadi, reli itakwama, lakini naweza. Niambie wewe."

Upepo ulipita juu ya matuta. Justa alimfikiria mzee aliyeketi mlangoni, aliyetia dole gumba lake kwenye fomu ya kaburi la mkewe kwa ajili ya treni ambayo huenda asiipande. Alijichukia kwa alichotaka kusema, akakisema.

"Andika alikamatwa."

Eustaki alikuwa amesikia. Alinyoosha mikono mwenyewe. Justa alipokuwa akimfunga pingu hakukaza, akaona aibu, kisha akakaza.

"Nakuomba kitu kimoja," Eustaki alisema. "Usiwaachie vibarua. Umtoe wewe. Umbebe wewe."

"Nitambeba."

Saa nane kasoro dakika tano gari la polisi lililotumwa na Otilia lilikuwa limewafikisha Mpui. Kadi iliingizwa kwenye mashine mbele ya wakaguzi watatu wenye kofia za njano. Eustaki, pingu mikononi, alieleza bikoni moja baada ya nyingine, kwa sauti ya mwanafunzi anayesoma darasani. Hakujitetea. Walipomuuliza kwa nini, alisema, "Mama yangu yuko hapa," na mkalimani akakosa namna ya kuendelea.

Mtambo ukavutwa kutoka bondeni. Wakausimika mahali pa bikoni ya tano, hatua tatu kutoka kwenye msalaba.

Ulichoronga. Mita moja, mbili, nne. Ardhi ikatetemeka hadi kwenye kaburi, na udongo laini uliopaliliwa juzi ukaporomoka kidogo kwenye kingo. Mita ya sita ukagonga mwamba. Wakaguzi wakapeana mikono, mmoja akapiga makofi. Kalamu zikatoka.

Mzee Adolfu alikuwa ameletwa kwa bodaboda. Aliitazama kalamu ikisaini, kisha akamtazama mwanawe akipandishwa kwenye Land Cruiser ya polisi. Miaka arobaini na saba aliingoja saa hiyo. Ilipofika, alifunika uso wake kwa kofia.

Makaburi yalihamishwa wiki tatu baadaye, kabla ya mvua. Otilia alimpa Justa ruhusa ya siku mbili, na kwa idara ile siku mbili ni nyingi. Padre alisali. Vibarua walikuja na glavu nyeupe, vijana wenye heshima, na Justa akawaomba wakae pembeni. Alichimba mwenyewe tangu asubuhi hadi mchana. Alipofika chini aliweka jembe, akatumia mikono.

Hakumwambia mtu alichokiona. Alikikusanya chote kwenye sanda mpya, akakifunga, akakipakata kifuani, akapanda nacho hadi makaburi mapya kilimani. Njiani alitembea polepole mno, mpaka padre akawa anasimama kumngoja.

Jioni hiyo, kabla ya kuondoka, alipita mahabusu mjini. Eustaki aliletwa dirishani. Alikuwa amekonda, na nywele zake zilikuwa zimenyolewa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Askari alitazama saa yake.

"Umemtoa?"

"Nimemtoa."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Eustaki aliweka kiganja kwenye nondo. "Alikuwa mzito?"

Justa angeweza kusema uongo. Ndiyo kazi yake, na anaifanya vizuri kuliko wengi.

"Hapana," alisema. "Hakuwa mzito kabisa."

Eustaki akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Justa alipitisha vidole katikati ya nondo, akamshika, akamwacha alie hadi askari aliposema muda umekwisha.

Nje, Thuraya ililia. Ilikuwa Otilia, na sauti yake ilikuwa ya upole usio wa kawaida.

"Kuna jambo Kigoma. Uko tayari?"

"Niko tayari."

Alivaa miwani nyeusi ingawa jua lilikuwa linazama, akaiwasha pikipiki kwa teke, akashika barabara ya Mpanda.